Aonekane au Ajifiche? Mjadala wa Guruguru wa Arizona

Anafika ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kukazwa, na ubavuni pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba ndani mna mnyama mwenye sumu. Mfuniko ukifunguliwa anaonekana kiumbe mnene, mzito wa mwendo, urefu wake karibu nusu mita, mkia mfupi uliovimba kama kiazi kitamu. Ngozi yake mtu angedhani imeshonwa shanga, nyeusi na waridi kwa mapande. Anatoa ulimi mweusi, anaonja hewa, anaurudisha. Hana haraka. Wenye haraka ni watu waliosimama kuizunguka ndoo, kwa sababu kabla jua halijazama lazima mtu aamue mnyama huyu atalala wapi, usiku huo na pengine miaka 20 ijayo.

Sayansi inamwita Heloderma suspectum. Wamarekani wanamwita zimwi la Gila, kwa jina la mto unaokatiza Arizona. Kiswahili hakina jina lake, maana hajawahi kukanyaga Afrika; kwao ni majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani na jimbo la Sonora huko Meksiko. Kenge si yeye, na mjusi wa ukutani si yeye. Neno lililo karibu naye ni guruguru, yule mjusi mkubwa akaaye shimoni, na katika mjadala huu ataitwa guruguru wa Gila. Shimo hilo lishikwe tangu sasa, kwa kuwa ndilo kiini cha ugomvi wote.

Swali la kumpokea au kutompokea mnyama wa namna hii miongoni mwa wanyama wa kudumu wa kituo linaonekana dogo mpaka watu wanne wanapoketi kulizungumza. Makala haya yanawaketisha kivulini, nje ya kituo cha wanyamapori pembezoni mwa Phoenix. Watu hao wamebuniwa. Hoja zao ni zile zinazobishaniwa kweli, na mambo wanayoyataja yametokea. Kuna mtunzaji, kijana anayesafisha vizimba na kupima joto la mchanga kila asubuhi. Kuna mtafiti wa mijusi, aliyezeeka akitembea jangwani na antena mkononi. Kuna mwalimu wa darasa la tano ambaye kila mwaka huleta wanafunzi wake kituoni. Na kuna mama aliyezaliwa Uvira, akakaa miaka katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa anaishi Phoenix, mji ambao Wakongo wengi wamepelekwa kuanza upya. Mjukuu wake yumo katika darasa la mwalimu huyo. Kwa heshima yake wote wanazungumza Kiswahili.

"Mwanangu," mama anaanza, akimgeukia mtunzaji, "jangwa lile pale, ukirusha jiwe linafika. Kwa nini msimrudishe akaenda zake?"

Mtunzaji anamtazama mtafiti, naye mtafiti anajibu kwa swali: arudishwe wapi, mama? Kisha anasimulia utafiti ambao Brian Sullivan na wenzake waliuchapisha mwaka 2004. Walifuatilia guruguru wa Gila waliokutwa kwenye makazi ya watu katika eneo la Phoenix, wakawatia vifaa vidogo vya kurusha mawimbi ya redio, wakawahamisha. Waliohamishwa chini ya kilomita moja walirejea walikotoka ndani ya mwezi mmoja. Waliopelekwa mbali zaidi hawakufika kwao, na wala hawakutulia walipoachwa. Walitembea kupita kawaida ya mjusi huyu, siku baada ya siku, kama mtu anayetafuta mlango wake katika mtaa uliobomolewa, na vifo miongoni mwao vikawa vingi.

Sababu yake inaeleweka ukijua anavyoishi. Guruguru wa Gila hajengi maisha juu ya mbio wala nguvu. Anajenga juu ya kumbukumbu. Anajua mwamba upi una ufa unaobaki na ubaridi Juni, shimo lipi linashika joto Januari, kichaka kipi kware hutagia chini yake. Mashimo hayo huyarudia mwaka hadi mwaka. Mtoe hapo umpeleke kilomita kumi, umempa mchanga uleule na jua lilelile, lakini umemnyang'anya ramani. Mwenye nyumba anayepiga simu akitaka mjusi apelekwe mbali sana, kule jangwani kwenyewe, akidhani anamtendea wema, anamhukumu bila kujua.

Mama anaitikia kwa kichwa polepole. Habari ya kuhamishwa na kutotulia haihitaji kufafanuliwa mbele yake.

"Basi wote wabaki kituoni," mwalimu anasema, na uso wake unang'aa kwa tumaini.

"Hapana, mwalimu," mtafiti anamkatiza. "Wengi wao hawapaswi hata kuingia getini."

Hapo mtunzaji anafafanua, maana ndiye anayezipokea ndoo. Wanaoletwa, anasema, si wa aina moja. Yupo aliyekutwa chini ya chungu cha maua, mzima, hana jeraha. Huyo dawa yake ni kusogezwa mita chache, nje ya ukuta, chini ya mpungate ulio karibu, na mwenye nyumba kuelezwa kwamba mgeni wake ni jirani wa siku nyingi, pengine ametangulia kuliko nyumba yenyewe. Yupo aliyevunjwa taya na gari au kutafunwa na mbwa, na ambaye hata akipona hawezi tena kumeza yai. Na yupo wa tatu, aliyetolewa ndani ya nyumba ya mtu, kwenye tangi la kioo, alikofugwa bila kibali. Huyu wa tatu hajulikani aliokotwa bonde gani, au kama alizaliwa humohumo tangini. Hana kwao pa kurudishwa, na aliyemo ndooni leo ni wa aina hii.

Huyu pia anaweza kuwa amebeba maradhi aliyoyapata kwa wanyama waliofugwa naye. Arizona imelijua jambo hilo kwa kobe wa jangwani. Kobe aliyefugwa haruhusiwi kuachiliwa porini, kwa hofu ya ugonjwa wa njia ya hewa unaoweza kuenea kwa walio huru. Ndiyo maana Idara ya Wanyamapori na Uvuvi ya jimbo hilo huwatafutia kobe hao familia za kuwalea majumbani. Kwa kobe hilo linawezekana. Watu hufurahi kupewa kobe uani. Lakini nani atapewa mjusi mwenye sumu amweke sebuleni?

Mwandishi wa makala haya anasimama na mtafiti. Kituo kinachompokea guruguru mzima kwa sababu tu ni mzuri, na wageni watapenda kumwona, kimemwibia jangwa. Mjadala wa haki unaanza kwa yule aliyevunjika taya na yule wa kwenye tangi.

Na unapoanzia hapo, mama anakuwa mkali.

"Bundi mmeweka, nimenyamaza. Kobe mmeweka, mjukuu wangu kampenda. Sasa na hiki? Msafara wa mamba, kenge wamo. Lakini kenge tunamjua, hana sumu ya kuua mtoto. Kwa nini nikuletee mjukuu wangu umsimamishe mbele ya sumu?"

Mtunzaji hakanushi. Sumu ipo, anasema, na inauma kuliko mtu anavyoweza kueleza. Kwa nyoka, tezi za sumu ziko taya la juu na sumu hupita ndani ya jino kama ndani ya bomba la sindano. Kwa guruguru wa Gila tezi ziko taya la chini, nayo meno yana mifereji tu. Hivyo hadungi akaachia. Anang'ata, anashikilia, anatafuna, na sumu inapanda pamoja na mate mpaka kwenye jeraha. Mwathirika huvimba, shinikizo la damu hushuka, wakati mwingine koo huziba. Hakuna dawa maalumu ya kuizima sumu hiyo. Hospitali hutibu maumivu na shinikizo la damu, na kumsaidia mtu apumue. Februari 2024 mtu mmoja huko Colorado alifariki baada ya kuumwa na mjusi wa aina hii aliyemfuga nyumbani. Vifo kama hivyo ni nadra mno, na taarifa za kabla ya hapo ni za karibu karne moja nyuma, lakini nadra hiyo haimfuti aliyekufa.

"Umesikia?" mama anamwambia mwalimu.

"Nimesikia, mama. Na alikuwa akimfuga nyumbani."

Hapo ndipo mwalimu anaposhika uzi wake. Hatari ya mjusi huyu, kwa kumbukumbu zote, imekaa mikononi mwa wanaomshika. Porini hamfukuzi mtu. Ni mzito, anatoa sauti ya kufoka, anafungua kinywa, na akipewa nafasi anaondoka. Wanaoumwa mara nyingi ni waliomwokota, waliompiga picha kwa karibu mno, waliotaka kuonyesha ushujaa mbele ya rafiki. Mtoto aliyefundishwa hivyo mbele ya kioo kilichofungwa kwa kufuli, mwalimu anasema, ana usalama zaidi kuliko mtoto asiyejua siku atakayemkuta njiani akienda shule.

Tena kuna uongo wa miaka mingi wa kufutwa. Katika karne ya 19 ilisimuliwa Arizona nzima kwamba pumzi ya mjusi huyu inaua, eti hana tundu la kutolea uchafu, na vyote alavyo huozea tumboni mpaka hewa yake ikawa sumu. Hata magazeti yenye heshima yalichapisha mambo ya namna hiyo. Daktari mmoja wa mji wa Tombstone, George Goodfellow, alichoshwa nayo. Akatangaza kulipa dola 5 kwa kila mjusi atakayeletewa, akawafuga, akawachunguza, na mwaka 1891 akamchokoza mmoja makusudi amng'ate kidole. Alilala kitandani siku 5, akapona, akaendelea kuandika kuwapinga waliosema kuumwa ni kifo cha hakika. Kumwiga ni upumbavu, na hospitali za leo hazihitaji ushahidi wa namna ile. Lakini inafaa kukumbuka kwamba ukweli juu ya mnyama huyu ulipatikana kwa mtu aliyekubali kumtazama badala ya kumsimulia.

Sheria ilichelewa miaka 60 hivi baada ya daktari huyo. Mwaka 1952 Arizona ilimlinda guruguru wa Gila kisheria, na akawa mnyama wa kwanza mwenye sumu Amerika ya Kaskazini kupewa ulinzi wa namna hiyo. Ni mwaka uleule ambao Arizona-Sonora Desert Museum ilifungua milango nje ya Tucson, ikaanza kuwaonyesha watu viumbe wa jangwa lao wenyewe katika mawe na mimea ya kwao.

Mwalimu ana karata nyingine, na ameiweka makusudi kwa ajili ya mama. Anauliza kama kuna anayejua dawa ya kisukari iliyotokana na mate ya mjusi huyu.

Mama ananyanyua uso. Ana kisukari mwaka wa nane sasa, na kila Jumapili kabla ya kanisa anajidunga sindano tumboni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika hospitali ya maveterani iliyoko Bronx, New York, Dakta John Eng alikuwa akitafuta homoni zisizojulikana ndani ya sumu za wanyama. Katika sumu ya guruguru wa Gila akakuta protini ndogo aliyoiita exendin-4, akaitangaza mwaka 1992. Ilifanana na homoni ambayo utumbo wa binadamu huitoa baada ya mlo, ile inayoliamsha kongosho litoe insulini. Tofauti ilikuwa kwenye muda. Homoni ya binadamu ikiingia kwenye damu huvunjwavunjwa ndani ya dakika chache. Ile ya mjusi hudumu kwa saa kadhaa. Kampuni ya dawa ilipata leseni yake, ikaitengeneza maabara, na Aprili 2005 Marekani ikaidhinisha dawa ya kwanza ya kundi hilo, exenatide, sindano ya mara mbili kwa siku.

"Kwa hiyo mimi ninajidunga mate ya huyu?" mama anauliza, na mkono wake umeshika tumbo bila yeye kujua.

Mtafiti anarekebisha, kwa upole. Hapana, mama. Hakuna mjusi anayekamuliwa kwa ajili ya sindano. Tangu mwanzo dawa hutengenezwa maabara. Na sindano za mara moja kwa wiki zinazotumiwa na wengi siku hizi zimetungwa kwa kuiga homoni ya binadamu yenyewe, iliyobadilishwa kidogo ili isivunjike upesi. Alichofanya mjusi ni kuonyesha kwamba dawa ya kundi hilo inawezekana. Mlango aliufungua yeye, wengine wakapita.

Mwalimu anadhani ameshinda. Ndipo mtafiti anapomgeukia, na hapa maneno yake yanastahili kusikilizwa na kila anayefundisha watoto kuwapenda wanyama.

"Mwalimu, mimi naogopa hoja hiyo. Ukimwambia mtoto tumlinde kwa sababu ametupa dawa, kesho atakuuliza yule mjusi mwingine katupa nini. Utamjibu nini? Aliyekaa shimoni miaka milioni bila kutudai chochote, leo anatakiwa aje na risiti?"

Kimya kinapita. Upepo wa Arizona unanuka vumbi na majani ya mkreosoti. Mtunzaji ndiye anayekivunja kimya hicho, na anachosema kinabadilisha mjadala wote.

"Wazee wangu, mnabishana aingie au asiingie. Mimi nitakayemlisha nina swali jingine. Akiingia, mnataka aonekane?"

Mwalimu anakiri. Mwaka jana wanafunzi 28 walisimama mbele ya kizimba cha mjusi dakika kumi, wakaona jiwe. Waliondoka wamenuna. Anaomba, kwa nia njema kabisa, kizimba kidogo zaidi, taa juu yake, jiwe moja bapa na basi, ili kila mtoto amwone. Wakuu wa vituo vingi watamwelewa. Kituo kinaishi kwa tiketi na michango, na hakuna anayechangia jiwe.

Lakini guruguru wa Gila anaishi zaidi ya asilimia 95 ya maisha yake chini ya ardhi au ndani ya nyufa za miamba. Takwimu hii ndiyo ingepaswa kubandikwa mlangoni mwa kila kituo kinachomtaka. Watu humdhania kiumbe wa jua kali kwa kuwa anatoka jangwani, na wanampa taa. Ukweli ni kwamba jangwa analimudu kwa kulikwepa. Kiangazi cha 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 za Selsiasi au kuzidi. Mjusi anayezubaa juani katika joto la namna hiyo hafiki jioni. Hutoka masika kutafuta mayai ya kware, makinda ya ndege na vitoto vya sungura, anakula kwa pupa, mtu mzima akiweza kumeza chakula kinachofika theluthi ya uzito wake kwa mlo mmoja. Kisha anarudi chini. Mafuta anayaweka mkiani. Milo mikubwa michache inaweza kumtosha mwaka.

Maji anayaweka mahali ambapo watu hawakupatarajia. Jon Davis na Dale DeNardo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walionyesha, katika utafiti wa mwaka 2007, kwamba kibofu chake hufanya kazi ya kibuyu. Mvua ikinyesha anakunywa kwa wingi, maji yanahifadhiwa kibofuni, na wiki za kiangazi zikifuata mwili unayavuta tena kidogokidogo kurudi kwenye damu. Mnyama ambaye wageni wanamwona mvivu kumbe yuko kazini, anagawa akiba.

Hata kuzaliwa kwake kulifichika. Kwa miaka mingi wataalamu walijua kwamba mayai hutagwa kiangazi na vitoto huonekana juu ya ardhi mwaka unaofuata, wakadhani mayai ndiyo yanayolala majira yote ya baridi. Mwaka 2016, kwenye nyumba moja ya Tucson, uchimbaji ulifukua kiota ukutani, na ilikuwa Oktoba: vitoto vilikuwa vinaanguliwa wakati huohuo. Maana yake vitoto hutoka kwenye mayai vuli, kisha hubaki humohumo gizani miezi kadhaa vikingoja joto. Mnyama anayeanza maisha kwa kungoja ndani ya kaburi la mchanga, mtu anamwekea taa na kumnyima shimo, halafu anamwita balozi wa jangwa.

Mwalimu hapendi neno kaburi, na ana haki. Lakini anaanza kuyumba.

"Basi wanafunzi wangu waje kutazama nini?"

Mtunzaji amelifikiria kwa muda mrefu, inaonekana. Anataka kizimba kirefu, mchanga mzito wa kuchimbika, upande mmoja wenye joto na upande mwingine baridi, ili mjusi achague mwenyewe. Anataka shimo linalopita kando ya kioo, na pazia zito juu yake, lifunuliwe kwa dakika chache tu kwa siku. Kamera ndogo ndani ya shimo, na picha zake zionekane ukutani. Majira ya baridi pashushwe joto mjusi apumzike miezi yake, na mlangoni paandikwe kwamba amelala. Mlo ufuate uzito wake, kwa kuwa mijusi wa kufugwa hunenepa kupindukia mkononi mwa watunzaji wenye huruma nyingi. Mtu yeyote asimbebe kwa kuwaonyesha wageni, hata awe na glovu nene kiasi gani. Akipata hayo, yuko tayari kumpokea. Asipoyapata, afadhali mjusi apelekwe kituo kingine chenye nafasi.

Mtafiti anaongeza sharti lake, nalo ni la maneno. Watoto waambiwe kwa nini yupo pale. Vituo vingi humpa mnyama jina tamu, humtengenezea kadi yenye tabasamu, na kumtangaza kama mwanafamilia mpya. Yule mtoto anatoka akiwa na hamu moja tu: na yeye apate wake. Hamu hiyo imekwisha kumaliza mijusi kwingine. Tanzania inamjua mjusi mdogo wa buluu wa Kimboza, mkoani Morogoro, anayeishi kwenye mikadi ya msitu huo na vipande vichache vya msitu jirani, na asiyepatikana porini penginepo duniani. Dume lake lina rangi ya feruzi iliyokolea. Rangi hiyo ilimponza. Walikamatwa kwa maelfu wakasafirishwa kuuzwa kwa wafugaji wa Ulaya na Amerika, na mara nyingi mkadi ulikatwa ili kumfikia aliyejificha kati ya majani. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Aliyejificha kwenye mkadi na aliyejificha kwenye mwamba walitafutwa na jicho lilelile.

"Kwa hiyo kadi yake isome hivi," mtafiti anasema. "Huyu alifugwa kwenye tangi. Hakuna anayejua kwao ni wapi. Ndiyo sababu unamwona hapa, na ndiyo sababu siku nyingine humwoni."

Mama anaomba kusema. Sauti yake imeshuka, lakini msimamo wake wa kwanza haujafutika. Mjukuu wake hatamkaribia mnyama huyo pasipo kioo, hilo halina mazungumzo, na siku mtunzaji atakapomtoa mjusi mbele ya watoto, yeye atakuwa wa kwanza kulalamika kwa mkuu wa shule. Lakini kama kadi itaandikwa, anataka iandikwe na kwa Kiswahili. Katika mtaa wake wamo watoto wengi wanaotafsiria wazazi wao kila kitu, barua ya hospitali, barua ya kodi. Siku moja mzazi naye asome mwenyewe mbele ya mtoto wake.

Na hapo panazuka ubishi wa mwisho, juu ya jina. Mwalimu anapendekeza litafsiriwe lilivyo, zimwi la Gila. Mama anakataa. Anasema aliwahi kumsikia jirani wa kambini aliyetoka Tanga, mwambaoni, akimwita mjusi wa ukutani mjusi-kafiri, na kusimulia kwamba utotoni waliambiwa kumuua ni thawabu. Ukishamwita kiumbe kafiri au zimwi, fimbo itafuata. Mtafiti anapendekeza jina la kisayansi, na wote watatu wanamtazama bila kusema. Guruguru, anasema mtunzaji, aliyelipata neno hilo kwa mama mwenyewe wiki chache nyuma. Mama anacheka kwa mara ya kwanza. Guruguru wa kwao hana shanga mwilini. Lakini kwa kukaa shimoni, anakubali, ni ndugu.

Jua limeshuka. Mnyama aliyeletwa ametiwa kwenye chumba cha karantini, ambako atakaa wiki kadhaa peke yake mpaka daktari athibitishe kwamba hana maradhi ya kuwaambukiza wengine. Hakuna mgeni anayeingia humo. Mama na mwalimu wanaruhusiwa kuchungulia kupitia dirisha dogo la mlango, na wanaona sanduku la mchanga, bakuli pana la maji, na kigae kikubwa kilichoinamishwa.

"Yuko wapi?" mama anauliza.

Mtunzaji anaonyesha mchanga ulioparuliwa mbele ya kigae. Kisha anachukua kadi iliyoning'inia mlangoni, anaandika tarehe, gramu alizopima mchana, joto la pande zote mbili, na chini kabisa, mahali pa maelezo, anaandika kwamba amekunywa maji na amejificha.